Tasa

Tartu, Januari. Mto wao, ambao jina lake ni Mama,
ulikuwa umelala chini ya barafu tangu juzi,
na Maarika Uibo alikuja kazini na chupa ya chai
na mlinganyo mmoja, mfupi wa kuandikika kiganjani:
y mara y, ongeza y,
ni sawa na x mara x mara x, toa x mara x.

"Usiutatue," aliniambia. "Hesabu tu."
Chukua saa yenye namba mbili usoni: majibu manne.
Yenye tatu: manne. Yenye tano: manne tena,
nikadhani nimeshaujua ujanja wake.
Yenye saba: tisa.
Nikafuta, nikarudia. Tisa.

Namba hizi, zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe,
Kiswahili kinaziita tasa.
Nilimweleza maana. Alinyamaza,
akafuta miwani kwa pindo la sweta.
"Sisi tunaziita namba za mwanzo," akasema.
Kisha: "Ajabu. Na nyingine zote huzaliwa humo."
Sikumuuliza kitu. Theluji ilianguka upande upande,
kama mtu asiyetaka kutazamwa usoni.

Ubaoni palikuwa na hesabu nyingine,
isiyoujua mlinganyo wetu wala haijawahi kusikia x:
mabano yanazidishwa kwa mabano,
kila moja mara mbili,
na kila la kumi na moja mara mbili zaidi,
hadi chaki iishe, na hata ikiisha.
Kinachotoka humo ukikisogeza, ukikipindua,
kinarudi kikiwa kilekile.
Mama yake, Helju, hufuma glovu hivyo
kwenye treni ya Valga, macho dirishani,
asihesabu kitu, vidole vinakumbuka.

"Soma namba za mbele," Maarika akasema.
Mahali pa mbili: hasi mbili. Pa tatu: hasi moja.
Pa tano: moja. Pa saba: hasi mbili.
Nikarudi kwenye karatasi yangu.
Mbili toa nne. Tatu toa nne.
Tano toa nne.
Saba toa tisa.
Malaika yakanisimama.

"Nani alimwambia mwenzake?"
Alimimina chai. "Hilo ndilo linalotulipa mshahara."
Kinachowafunga wawili hao wamekipa herufi moja tu, L:
ndani yake tasa zote zimepanga foleni isiyo na mkia,
nacho kina kushoto na kulia, kama glovu;
ukiujua upande mmoja, umeujua wa pili.

"Na kumi na moja?" Maana hapo hesabu yangu iligoma,
mchoro ukajikata wenyewe, ukafunga fundo.
"Hapo ndipo tundu la kidole gumba," akasema.
"Lazima nakshi ivunjike mahali,
la sivyo mkono hauingii."

Kumi na tatu niliifanya peke yangu, jikoni,
sufuria ya viazi ikiungua bila mimi kujua.
Majibu tisa. Kumi na tatu toa tisa.
Nikalifunua daftari alilonikopesha,
polepole, kama bahasha ya matokeo.
Nne.

Nikampigia saa sita usiku
kumwambia jambo alilolijua miaka ishirini.
Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza hata mara moja.
"Hongera," akasema,
kwa ile sauti ya wodi ya wazazi.