Dakika Nane Chini ya Wingu

Saa tatu na nusu, jua limeanza kukaza.
Evenor anapangusa kioo cha gari kwa shati kuukuu.
Mimi nafunga darubini, fupi kama chupa ya soda,
uso juu, mfano wa kuku akimeza maji.

"Thelathini," namwambia. "Usizidi. Usisimame."
Anajua. Mwaka wa kumi na moja huu ananipitisha
chini ya mkia wa Masaya,
barabara ileile, mashimo yaleyale,
tukitoka hewa safi kwenda hewa safi,
na katikati yake, watu.

Siipimi salfa, kusema kweli.
Napima mwanga usiofika.
Urujuanimno umesafiri dakika nane kutoka juani,
na hapa, hatua ya mwisho,
gesi inaumega
kama mtoto aliyetumwa mkate.
Nami nimekaa mlangoni na kilichobaki,
nakisia ukubwa wa mdomo.

Mstari kwenye kompyuta umelala.
Tunapita kanisa. Tunapita pampu ya maji.
Tunapita kahawa ya mwisho, majani yamebabuka kingoni
kama karatasi zilizookolewa motoni.
Kisha mstari unanyanyuka,
na koo langu limeshajua:
njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi
karibu mno na pua.

Toka hapo hakuna kahawa, hakuna maharage.
Seng'enge hukatika yenyewe.
Misumari ya paa hubadilishwa kila Pasaka.
Ni mpungate tu unaokwea nguzo kwa kucha
na kuzaa matunda mekundu,
kana kwamba hakuna aliyeuambia.

Pale mstari unapofika kileleni
ndipo ilipo nyumba ya Tránsito Ampié.
Leo amesimama katikati ya barabara,
bati kichwani, mikono yote miwili juu.
Evenor ananitazama kiooni.
Kanuni niliiandika mimi.
"Simama," nasema mimi.

Hasalimii. Analiinua bati baina yake na jua,
na uso wake wote unajaa madoa ya nuru,
kwenye paji, kwenye shavu, moja kwenye jicho.
"Nililinunua juzi juzi, binti mwenyewe alikuwa hajatambaa.
Sasa hata shule hajaanza.
Na wewe, mashine yako imesema ngapi?"

Tani mia tisa kwa siku, nasema.
Kisha, kwa kuwa nilifundishwa uaminifu:
"Huenda mia sita. Huenda elfu moja na mia mbili.
Ni upepo, mama. Upepo hatuupimi, tunaukadiria."

Anahesabu kwa midomo, nadhani kwa ng'ombe.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani alikishika kibaba cha hewa
akajua kitako chake kiko wapi?
"Na hizo mia tatu usizozijua," anauliza,
"zinalala kwa nani?"

Ndani ya nyumba mtu anakohoa, mdogo,
anakohoa kwa mazoea, bila kuacha kucheza.
Evenor amezima injini. Hakuwahi kuizima hapa.
Nilikuwa na jibu lenye milinganyo miwili.
Nikashika ncha ya pili ya bati
tukalilaza ukutani.

Kwenye grafu, pale tuliposimama
kilele kimekuwa tambarare, pana, kimekaa
kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda.
Mkondo ulioharibika hufutwa.
Tulirudia safari saa sita, bila kusimama,
tukapata mlima mzuri wenye pande mbili:
mia nane na sabini. Hiyo ndiyo niliyotuma Managua.

Ile ya kwanza ninayo bado.
Faili iliniomba jina, nikaandika *bati*,
nikafunga kompyuta,
na njia nzima ya kurudi
Evenor aliendesha vioo vikiwa wazi
akikohoa kidogo, kama anayejaribu neno la kigeni.