Mita Nne

Jumanne, kipindi cha tatu, nimewatoa darasani.
Ubaoni nimeacha mzunguko wa maji:
mishale mitatu ya chaki, wingu moja, mlima mmoja,
na mto uliokaa kimya pale nilipouchora.

Kutoka shuleni hadi Nyamwamba ni dakika ishirini
ukitembea na watoto arobaini na mmoja na simu sita,
mbili zikiwa na vioo vilivyopasuka,
moja ya mke wangu, aliyeniapia
kwamba ikilowa, nisirudi.

Tuna kamba yenye fundo kila mita,
kisahani cheupe kilichofungwa uzi,
na machungwa matatu.
Jani husukumwa na upepo, nawaambia;
chungwa huzama nusu,
huenda kwa mwendo wa maji yenyewe.
Bwambale anahesabu sekunde. La kwanza: tisa.
La pili: tisa na nusu. La tatu
halikufika. Mbusa yuko chini ya ukingo
anatema mbegu,
na daftari linaandikwa: data haipo.

Kisha tunawasha ramani.
Setilaiti zinatutafuta. Kiduara cha buluu
kinapumua, kinayumba, kinatulia,
na kioo kinasema tumesimama ndani ya mto.
Kicheko. Viatu vikavu,
mawe makavu, kinyesi cha mbuzi,
lakini ramani imeshikilia: maji.
"Mwalimu, simu imelewa."
Hapana. Simu inakumbuka.
Mto ulipita hapa kabla ya usiku ule wa Mei,
kabla haujateremka na mawe makubwa kama ng'ombe
ukajichagulia njia nyingine.
Tembeeni ukingoni. Kila hatua kumi, nukta.

Nukta zinaota moja moja
kama mahindi yaliyopandwa na mtu mwenye haraka.
Masereka anauliza kama iliyokosewa inafutika.
Inafutika. Anashusha pumzi.
Ikweta iko kusini yetu kidogo tu;
namba zetu zinaanza na sifuri, na hilo wanalipenda,
kana kwamba dunia ilianza kuhesabiwa Kasese.

Kyakimwa harudi na wenzake.
Amesimama pale mto unapojipinda, amenyoosha mkono,
simu ya mke wangu iko juu ya maji.
Nataka kupiga kelele. Sipigi.
"Mwalimu, ninaweka nukta."
Nukta ya nini? Pale hapana kitu.
"Jiko letu."

Programu inataka aina. Inampa orodha:
makazi, barabara, shamba, daraja, maji, mengineyo.
Kidole kinapita juu ya makazi,
kinashuka hadi maji, kinasita.
Miaka kumi na minne nafundisha somo hili.
Najua mteremko na mashapo,
najua kwa nini ukingo uliovuliwa matete haushiki udongo;
kwa kidole kile sikuandaa jibu.
Anachagua mengineyo. Kwenye maelezo anaandika:
jiko. mafiga matatu. mlango ulitazama Rwenzori.

Jioni, chumba cha walimu, umeme upo leo.
Nukta mia mbili na sita zinapanda kwenye kompyuta
na mto mpya unatokea, wenye kona
ambazo ramani ya ukutani haizijui.
Nasahihisha. Hii imeangukia katikati ya soko,
hii imerudiwa mara mbili,
hii ya Mbusa, sijui kwa miujiza gani, iko Kongo.
Nafika kwenye yake.
Chini, kwa herufi za mashine:
usahihi, mita nne.

Mita nne kila upande.
Nazipima kwa hatua, kutoka kabati hadi dirishani.
Jiko linaingia lote humo, na kuni zake,
na mtu aliyeinama akipuliza moto.

Siigusi.
Naichukua ya Mbusa, naivusha mpaka,
naileta nyumbani.