Nani Aliyepita Igoma

Nilipakia Kisesa saa kumi na mbili asubuhi,
trei arobaini, kamba nikaivuta mara mbili.
Mama Ng'walu akahesabu kwa kidole chenye pete,
akaandika kwenye daftari lake la jalada jekundu.
Kisha nikawa Buzuruga.
Katikati hapana kitu.
Nyamhongolo sikuiona. Igoma sikuiona,
na Igoma si mahali pa kukosa kuonekana:
kuna stendi, kuna wauza nyanya hadi ukingo wa lami,
kuna mbuzi wasiomjua trafiki.
Gia zilibadilishwa. Breki zilikanyagwa.
Mtu fulani alizipisha bodaboda zilizobeba mkaa.
Mimi nilikuwa jikoni kwetu, namjibu mke wangu
swali aliloniuliza juzi Jumatano,
na safari hii nilikuwa namjibu vizuri.

Watu husema mimi ni mpole.
"Lushinge? Yule hata honi yake ina haya."
Wenye kuomba lifti huchagua gari langu,
humkimbia Mhoja, mdogo wangu,
anayeendesha kama anayedai deni,
ubavu kwa ubavu na malori ya pamba,
tusi limeshatangulia nje ya dirisha.
Mhoja amegonga mara mbili,
na mara zote mbili alikuwa macho kabisa;
anaweza kukutajia rangi ya soksi za aliyemgonga.
Kosa lake lina uso, unaweza kulikemea.
Langu limekaa kimya kama mgeni mwenye adabu.
Nani atamkanya mtu ambaye hayupo?

Pale Buzuruga, kwenye mistari myeupe iliyofifia,
mguu wangu uliruka wenyewe.
Nilisikia kwanza mayai.
Halafu kofi, kiganja kidogo juu ya boneti,
pa,
na nyuma ya kiganja binti wa sare ya shule,
kiatu kimoja mguuni, kingine chini ya bampa.
Hakulia. Hakutukana.
Alinitazama kama anayesoma bango la mbali,
anahakiki kama ndani kuna mtu.
Nikarudi nyuma nusu mita.
Akaokota kiatu, akakipangusa kwa sketi,
akaenda.

Ute ulishuka kwenye bodi, ukadondoka lamini,
ukang'aa.
Nilihesabu: themanini na matatu.
Jioni Mama Ng'walu akauliza, nikasema, "Tuta."
Akaandika: tuta, 83.
Limo hadi leo ndani ya daftari jekundu,
tuta ambalo hakuna aliyelijenga.

Siku hizi naendesha nikitaja.
Kwa sauti, vioo nimepandisha, nisidhaniwe kichaa:
"Guta. Mama na ndoo. Lori, indiketa ya kulia.
Jiwe, juu yake nyumba, juu yake antena."
Mhoja alicheka hadi akakaa chini.
"Kaka, unamsimulia nani?"
Namsimulia yule aliyepita Igoma bila mimi.
Anaendesha vizuri, lazima nikiri,
mkono mwepesi, hana papara,
ila hajaambiwa kwamba watoto huvuka.

Jana nilitaja vizuri tangu Nyamhongolo:
"Mbuzi. Stendi. Nyanya. Nyanya. Trafiki mwenye miwani."
Nikafikiri, kumbe inawezekana,
nikafikiri nitakavyomwambia mke wangu,
atakavyoweka sufuria chini, atakavyosema
Mabatini.

Mawe yako palepale mlimani, yamekaa macho.
Nilizima gari pembeni
nikarudi kwa miguu hadi Buzuruga
kuitazama mistari.