Mguu wa Chambo

Neves, saa tano usiku. Nimekunja suruali hadi magotini,
nimeketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya Bwana Fulgêncio.
Mguu wangu wa kushoto ni chambo. Wa kulia pia.
Mbwa wa jirani kajilaza ubavuni pangu;
mbu wa kisiwa hiki humwanza yeye,
kwa hiyo nawatania wenzangu kwamba mshahara huu ni wa wawili.

Mbu akitua, simuui. Nawasha tochi, namvuta kwa mrija,
tup! ndani ya kikombe,
naandika saa, naandika "nje", naandika jina la mtaa.

Dada yangu Ermelinda yuko bara, Libreville.
Wa kwake huingia mpaka chumbani,
wanazijua tundu za chandarua kama mwizi
aliyewahi kuwa mpangaji.
Uwaweke wawili chini ya darubini, wa kwake na wangu:
madoa yale yale ya bawa, utaapa ni pacha.
Lakini maabara walizisoma chembe zao za urithi,
herufi baada ya herufi,
wakaikuta bahari imeandikwa humo.
Vizazi na vizazi, karibu hakuna aliyevuka kwenda kuposa.

Niliposikia, nilicheka.
Mimi na Ermelinda tulinyonya ziwa moja,
na siku hizi kwenye simu huchomeka neno la Kifaransa
nikamwomba arudie.
Wanawe hawaijui ladha ya kalulu.
Miaka kumi na tisa tu!

Babu yetu aliletwa na meli kuja kuchuma kakao,
mkononi mkataba asioweza kuusoma.
Huenda mbu wa kwanza alizaliwa kwenye pipa lao la maji.
Naye hakuulizwa.

Sasa wageni wanakipenda kisiwa chetu.
Kisiwa ni chupa, wanasema, kina kizibo;
tutakachokiachia humu hakitatoka.
Wana mbu wao wa kutengeneza, wanataka kuwajaribu.
Nawasikiliza. Namkumbuka Zeferino wangu,
homa ya siku nne, kitanda kilivyobaki kipana,
na sisemi hapana.
Ila nami naishi chupani,
na kila mkutano nauliza, wananipa soda:
kizibo kashika nani?

Saa sita na dakika kumi.
Mguu wa kulia.
Nje.