Kinachovuja

Umekuja na hukumu mfukoni, Chikoyo,
kabla mashine haijashushwa mabegani mwa vijana:
"Ni Dadi huyu. Dadi hakukaza skrubu."
Na Dadi yupo nyuma yako, kashika kidumu kitupu,
anatazama vidole vyake vya miguu
kana kwamba navyo vinadaiwa.

Iwekeni hapo, kwenye stendi ya mbao.
Wewe simama pembeni, usinikingie jua.
Mashine haina haraka ya kumtaja mtu.

Unasema leo asubuhi, pale Feri, maji yalipata rangi,
zambarau na kijani, kama shingo ya njiwa,
rangi ikaifuata boti hadi karibu na Msanga Mkuu.
Abiria mmoja akapiga picha.
Nakuuliza: ilitoka kwenye moshi, au chini, kwenye gia?
Hujui.
Ulikuwa unamfokea mtoto.

Basi tuanze kwa kufuta.
Kitambaa, petroli kidogo, mswaki uliostaafu.
Mashine iliyolowa mwili mzima
kila mahali pake pana kosa.

Nafungua skrubu ya chini.
Kinachotangulia ni maji; nimeonja, ni ya chumvi.
Kisha inashuka oili, si nyeusi, si ya dhahabu:
nyeupe-nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa iliyolala.
Umeona? Oili ilipotokea ndipo bahari ilipoingilia.
Mlango ni mmoja,
wanapishana.

Washa ya skrubu ni nzima.
Nimeigeuza mara mbili mbele ya macho yako.
Imekazwa na mkono unaojua kiasi.
Dadi kainua kichwa, kidogo tu.
Wewe umekohoa.

Sasa pampu ya baiskeli
na mpira niliouunga mwenyewe.
Pumzi kumi na mbili, zisizidi,
maana sili nayo ukiilazimisha hupasuka
hata kama haikuwa na hatia.
Geji inasimama. Geji inafikiri.
Geji inaanza kurudi.

Lete povu, lile la kwenye kopo la nyanya.
Napaka juu, kwenye ufito wa gia: kimya.
Napaka katikati, kwenye maungio: kimya.
Napaka nyuma ya pangaboi,
sikiliza,
kama mtu anayekunywa uji wa moto kwa siri.
Povu linavimba, linapasuka. Na jingine.

Pini. Nati. Pangaboi nje.
Na huyu hapa.
Kajizungusha kwenye shafti, mkunjo juu ya mkunjo,
kabanana, kayeyuka, kawa pete ya kioo:
mshipi wa nailoni.
Umeila sili taratibu, mwezi mzima labda,
kila ulipotia gia ukaondoka ukipiga mluzi.

Nauvuta kwa koleo, pima nzima,
nauweka mezani.
Rangi ya chungwa.

Hapa Shangani wengine wote wanatumia mweupe au wa kijani.
Wa chungwa uliuleta wewe kutoka Lindi,
ukatuonyesha hapa hapa dukani,
ukaapa samaki hawauoni.
Na ni wewe unayeutupa nyuma ya boti
abiria wakiwa wamekaa, nauli umeshapokea,
ili usirudi nyumbani na noti peke yake.

Sisemi kitu.
Sili elfu kumi na nane, na ziko mbili, tubadili zote.
Oili mpya. Njoo kesho saa nne.

Unahesabu pesa, unarudia kuhesabu,
pesa za korosho, bado zinanuka gunia.
Unautazama mshipi. Unautazama mlango.
"Dadi," unasema, kisha unakwama
kama mashine iliyovutwa kamba bila mafuta.
"Dadi. Umekula?"

"Bado," anasema mtoto,
na anaanza kuuviringisha ule mshipi
kwenye kidole, polepole, vizuri,
asije mtu akaukanyaga.