Nusu Milimita

Banda la uani, Idrija, saa nne za usiku.
Jernej kashika tupa nyembamba kama kijiti cha meno,
anaupandisha mdomo wa tundu la moshi
nusu milimita. Anapuliza. Anapima. Anaguna.
Chuma kikishalika hakirudi;
ndiyo maana mkono unaogopa kuliko jicho.

Tomos hii ya mwaka sabini na tatu
ilikuwa ya mama yake, Vilma, tarishi wa bonde lote.
Rangi ya chungwa imesalia chini ya tangi tu,
pasipofika jua.
Taa ameing'oa. Kitako cha mkoba wa barua, kwaheri.
Kengele je?
Vilma aliingia na chai, akaiona mezani,
akaitia mfukoni mwa aproni bila neno.

Jumapili. Lami mbichi, moshi wa buluu,
vipikipiki ishirini na viwili vikilia
kama nyigu ndani ya debe.
Kona ya tatu goti linakwaruza chini,
anampita daktari wa meno wa Kranj,
anawapita mapacha wa Trieste,
na mzunguko wa saba
pistoni inaing'ang'ania silinda.

Kimya.

Anafungua plagi: nyeupe kama mfupa.
"Jeti ndogo mno," anasema,
kwa sauti inayokaribia furaha.

Vilma yuko uzioni na chupa ya chai.
"Mimi sikuwahi kuzidi arobaini,
na hakuna barua iliyolala njiani."
Anamkabidhi kengele.

Jernej anaipima kiganjani,
akihesabu gramu.