Bahari Upande wa Kulia

Tumeitandaza ramani juu ya meza ya jikoni.
Pembe moja imekaliwa na jibini,
nyingine na mtungi wa chumvi, ya tatu na kiwiko cha Coloma.
Ya nne inajikunja kama mtu mwenye kinyongo:
ni kaskazini, kule kusikokaa watu.

Miaka sitini na tatu nimeishi Menorka,
kisiwa unachokivuka kwa gari kabla kahawa haijapoa,
na sijawahi kukizunguka kwa miguu.
Kilomita mia moja themanini na tano.
Coloma amezipima kwa uzi wa kushonea,
akaulaza uzi kwenye rula, akasonya,
akaulaza tena.
Ramani ni kama njia ya mwongo, anasema. Fupi.

Siku kumi, nasema mimi.
Kumi na mbili, anasema, na moja ya kukaa bila viatu.

Tuligombana kwanza juu ya upande.
Mimi nilitaka tuanze kusini, penye misonobari na kivuli,
tukutane na upepo wa Tramontana tukiwa tumekomaa.
Lakini sikio la kushoto la dada yangu lilikufa mwaka wa surua,
naye hataki kutembea siku kumi na mbili
bahari ikiwa upande wa ukimya.
Basi tutatoka Maó tukishika kaskazini,
maji mkono wa kulia mpaka turudi,
nami nitakuwa kushoto kwake, nikiongea na ukuta wa mawe.
"Hilo nalo nimelifikiria," alisema. Hakucheka.

Maji ya kunywa ndiyo yanayoninyima usingizi.
Kule Juni hakuna kisima wala duka,
kuna udongo mwekundu na ng'ombe
wanaokutazama kama makarani wakati wa kufunga ofisi.
Lita tatu kila mtu. Lita tatu ni kilo tatu.
Shanta langu limepanda mizani ya samaki ya mpwa wetu Biel mara nne,
na kila mara kitu kinashuka:
taulo, darubini, sweta la pili.
Coloma amelinyanyua kwa vidole viwili: "Mbona jepesi!"
Naam. Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.
Siku ya nne Biel atatuletea maji kwa gari,
asiposahau.
Biel husahau.

Siku ya tano penseli ilisimama.
Baada ya Els Alocs, njia inapoupanda mlima,
kuna lango la mzeituni mwitu
ambalo baba alilichonga majira ya baridi aliyozaliwa Coloma.
Kazi yake ilikuwa hiyo: kuutazama mti uliopindwa na upepo
na kujua ni ubavu wa lango gani.
Hakunyoosha kitu.
Chini, karibu na bawaba, alikata alama yake, mikato mitatu,
ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona,
maana lilikuwa shamba la watu, na njia ilikuwa imefungwa;
ilipofunguliwa, baba alikuwa ameshazikwa,
na sisi tulikuwa na kazi, na watoto, kisha magoti.

Malango hubadilishwa. Mti huoza.
Biel anasema mengi siku hizi ni mapya.
Kwenye siku ya tano niliandika umbali tu.
Coloma akachukua ufutio, akaufuta,
akaandika kwa mwandiko wake wa posta:
Polepole.

Kuelekeza si kufuma, najua.
Tumenunua plasta za malengelenge na filimbi moja,
ambayo nitapuliza mimi, upande wake wa kulia.

Imebaki jibini. Mimi nasema nusu, yeye nzima.
Lakini tukiiondoa mezani ramani itajikunja yote.
Basi, imekaa pale pale.
Basi la Maó ni saa kumi na mbili na nusu.